Karatasi zinazobadilika rangi kwenye mafuta ya kukaangia: zinapima nini hasa?

Msimamizi wa Jiko (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Kwa zaidi ya miaka kumi nimesimamia jiko linalokaanga kila siku, maandazi alfajiri, chipsi na samaki mchana, na swali ninaloulizwa mara nyingi na wenzangu wa kazi hii linahusu zile karatasi nyembamba zenye mistari ya buluu, ambazo mtu huzichovya kwenye mafuta na mistari ikageuka kuwa ya njano. Je, zinaaminika kumwambia mtu lini amwage mafuta yake? Jibu langu ni kwamba zinaaminika kwa swali moja, na wengi wanaozilaumu walikuwa wameziuliza jingine.

Tuanze ndani ya karai. Mafuta ya kula, yawe ya alizeti, pamba, mawese au nazi, yamejengwa kwa trigliseridi, yaani minyororo mitatu ya asidi ya mafuta iliyofungwa kwenye kishikizo kimoja cha gliseroli. Kiazi kibichi ni maji kwa karibu asilimia 80, na unapokitumbukiza kwenye mafuta yenye joto la nyuzi 175 maji hayo hutoka kwa kishindo yakiwa mvuke, na sehemu yake hukata minyororo kutoka kwenye kishikizo. Mnyororo uliokatika ndio unaoitwa asidi huru ya mafuta. Wakati huohuo hewa nayo inafanya kazi yake, ikizaa peroksidi na baadaye aldehidi zenye harufu kali, na moto wa muda mrefu unaunganisha mabaki kuwa ile gundi ya kahawia inayonata pembeni mwa karai na kukataa kutoka hata ukisugua kwa mchanga. Kwa hiyo mafuta yanachakaa kwa njia tatu kwa wakati mmoja: maji yanayakata, hewa inayachoma polepole, na moto unayageuza gundi. Karatasi inaiona ile njia ya kwanza peke yake.

Aina niliyoizoea, ya kampuni ya 3M, ni kipande cheupe chenye mistari minne ya buluu. Mafuta yakiwa ya moto wa kukaangia unakizamisha mpaka mistari yote ifunikwe, unahesabu sekunde moja au mbili, unakitoa na kusubiri kama nusu dakika. Mstari wa kwanza hugeuka wa njano wote asidi huru inapofika asilimia 2, wa pili 3.5, wa tatu 5 na wa nne 7. Kabla ya njano kuna hatua ya kijani kibichi ambayo huwachanganya wengi. Nilimkuta kijana wetu wa zamu ya usiku akisoma karatasi chini ya balbu ya njano, na kila mstari kwake ulikuwa umeshaisha. Tulipotoka naye hadi mlangoni palipokuwa na mwanga wa alfajiri, mistari mitatu kati ya minne ilikuwa bado ya buluu. Tangu siku hiyo karatasi jikoni kwetu inasomewa mlangoni.

Ndani ya mistari ile kuna rangi ya kiashirio, ndugu wa karibu wa litmasi ya shuleni, iliyowekwa pamoja na kiasi kilichopimwa cha alkali. Asidi ya mafuta inapoingia kwenye mstari inaimaliza ile alkali, na alkali ikiisha rangi inageuka. Kila mstari umepewa alkali nyingi kuliko uliotangulia, ndiyo maana inageuka kwa zamu. Hii ni sababu pia ya kuzihifadhi mahali pa baridi na pakavu na kichupa kikiwa kimefungwa, mbali na chupa ya siki, kwa kuwa mvuke wa siki nao ni asidi na unaweza kuila ile alkali kabla karatasi haijaonana na mafuta.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

Karai Mbili

Nashukuru kwa uzi huu, mkuu. Nina kibanda cha chipsi na samaki, na mafuta yangu yanakuwa meusi ndani ya siku tatu. Nilipata karatasi hizi kwa rafiki anayefanya kazi hotelini, nikapima, mstari wa kwanza tu ndio uliokuwa na kijani kidogo. Wateja wanayaona meusi na kuniambia nimwage. Nimwamini nani, macho ya mteja au karatasi?

Msimamizi wa Jiko

Ndugu Karai Mbili, weusi una sababu nyingi, na baadhi hazihusiani na uchakavu. Samaki aliyepakwa manjano, kitunguu saumu na unga huacha chembe zinazoungua chini ya karai, na protini na sukari za chakula zikikutana na moto hutoa rangi ya kahawia ileile tunayoipenda kwenye ganda la mkate. Rangi hiyo inaingia kwenye mafuta hata kama asidi bado iko chini. Kinyume chake pia kipo: unga wa magnesi silikati, au udongo maalumu wa kusafishia mafuta, unaweza kuyarudisha mafuta machakavu kwenye rangi ya kupendeza huku gundi nyingi ikiwa bado imo ndani. Kwa hiyo jicho pekee halitoshi.

Hata hivyo nisikuache ukiamini kwamba karatasi imekusafishia jina. Nchi zilizoweka sheria kuhusu mafuta ya kukaangia mara nyingi hazikuchagua asidi huru kuwa kipimo kikuu. Zilichagua jumla ya viambata polari, yaani kila kitu kilichovunjika au kuungana vibaya, kikiwa kimekusanywa kwenye hesabu moja. Mpaka wa kuyamwaga mafuta Ujerumani ni asilimia 24, Ufaransa na Hispania 25, Austria 27, na India iliweka 25 kuanzia tarehe 1 Julai 2018. Kipimo hicho jikoni hufanywa kwa kijiti cha umeme kinachochovywa kwenye mafuta na kuwasha taa ya kijani, njano au nyekundu, lakini bei yake ni ya hoteli kubwa. Asidi huru ni dirisha dogo la nyumba hiyohiyo. Mafuta yanayokaanga viazi vyenye maji mengi, asidi yake hupanda pamoja na uchakavu mwingine, na hapo karatasi inakupa picha nzuri. Mafuta yanayokaa motoni saa nyingi bila chakula, kama ilivyo kwenye vibanda vingi kati ya saa nane na saa kumi na moja jioni, yanachomwa na hewa kuliko yanavyokatwa na maji, na karatasi itabaki ya buluu huku mafuta yakianza kuwa mazito.

Ninachokushauri ni kupima pamoja na mambo matatu yasiyohitaji fedha: povu dogodogo linalopanda na kukataa kushuka, moshi unaotoka kabla mafuta hayajafika moto wako wa kawaida, na utelezi wa gundi kwenye mwiko yakipoa. Mwongozo wa Japani wa 1979 kuhusu vyakula vya kufungasha ulitaka mafuta yabadilishwe yakianza kutoa moshi chini ya nyuzi 170, au thamani ya asidi ikizidi 2.5. Thamani ya asidi ni takribani mara mbili ya asilimia ya asidi huru, kwa hiyo mstari wako wa kwanza ukiwa wa njano kamili tayari umeshaupita mpaka huo wa Kijapani. Wenzetu walikuwa wakali.

Jambo jingine: usipime mara baada ya kuongezea. Ukiwa na lita 8 zenye asidi asilimia 2 ukamimina lita 2 mpya, karatasi itasoma karibu 1.6, nawe utadhani mafuta yamepona.

Mjukuu wa Ujiji

Mimi naomba kutoa lalamiko. Shangazi yangu anakamua mawese hapa Kigoma, mafuta mekundu, mazito, ya juzi tu. Nikapima kwa karatasi ya namna hiyo kabla hayajaguswa na moto wa kukaangia. Mistari miwili ikaonekana kama imegeuka na wa tatu sikuweza kuusoma kwa wekundu wa mafuta yenyewe. Shangazi alicheka sana. Sasa mafuta yetu ni mabovu au karatasi ndiyo mbovu?

Msimamizi wa Jiko

Mjukuu wa Ujiji, shangazi yako alikuwa na haki ya kucheka, na mimi nilistahili kuchekwa kabla yake. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii tuliletewa madumu mawili ya mawese, nikayapima kwa karatasi, nikaona njano, nikaagiza yarudishwe kwa maelezo kwamba yalikuwa yametumika. Mzee aliyeyaleta alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyevaa koti la baba yake. Mafuta yalikuwa mapya kabisa.

Tunda la mchikichi lina kimeng'enya kinachokata minyororo ya mafuta mara tu tunda linapopondeka, na kazi hiyo inaendelea kila saa tunda linapokaa chini likisubiri kuchemshwa. Moto wa kuchemsha ndio unaokiua. Kwa hiyo mawese yaliyokamuliwa kwa mkono huzaliwa na asidi yake. Viwango vya kimataifa vya vyakula, vinavyoitwa Codex, vinaliheshimu jambo hilo: kwa mafuta yaliyosafishwa kiwandani thamani ya asidi haitakiwi kuzidi 0.6, ilhali kwa mawese ghafi inaruhusiwa hadi 10, yaani karibu asilimia 5 ya asidi huru. Karatasi iliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta meupe ya kiwandani haijui tofauti hiyo.

Kwa mawese, karatasi ina faida moja ninayoweza kuitetea, nayo ni kulinganisha mkamuo wa leo na wa wiki iliyopita, au tunda lililochemshwa siku ya kuvunwa na lile lililolala siku nne. Na kuhusu ule wekundu, futa mafuta ya juu kwa kitambaa laini bila kusugua, kisha usome. Nyongeza ndogo: mawese yenyewe ni mafuta yanayobadilika rangi bila karatasi yoyote, kwa kuwa karotini inayoyapa wekundu huharibika kwa moto mkali, na mpishi wa Kigoma anajua kwa rangi hiyo ameyachoma kiasi gani.

Alizeti Halisi

Basi na mimi niongeze la kwetu. Nauza alizeti kando ya barabara, Singida, kwenye chupa za plastiki zinazong'aa juani ili madereva wazione. Mteja mmoja alinirudishia chupa akisema inanuka rangi ya mlango. Nikanusa, kweli. Lakini mtu wa maabara niliyempa alipochovya karatasi, mistari yote ilibaki ya buluu. Imekuwaje?

Msimamizi wa Jiko

Hapa ndipo lile swali jingine linapoingia. Mafuta yako hayakukatwa na maji, yalichomwa na hewa na mwanga. Alizeti ya kawaida ina asidi ya linoleiki kwa wingi, ambayo hewa huipenda, na jua likipita kwenye chupa angavu kazi inakwenda mbio zaidi. Zile harufu za rangi ya mlango hazikutajwa bure, kwani rangi za zamani za mafuta zilikauka kwa njia hiyohiyo. Peroksidi si asidi, kwa hiyo mstari wa buluu hauna sababu ya kugeuka.

Kubadilika rangi kunakofaa kwa kosa hili kupo, ila ni kwa maabara. Mafuta huyeyushwa kwenye kimiminika chenye asidi ya asetiki, huongezwa iodidi ya potasiamu, na peroksidi zilizomo huitoa iodini, nayo huonekana kama wino wa kahawia unaopauka. Kisha hudondoshwa thaiosalfeti, kemikali inayoifuta iodini, tone kwa tone. Rangi ikikaribia kwisha mpimaji huweka maji ya wanga, kimiminika kizima kikawa buluu nzito, na tone la mwisho huifuta buluu hiyo ghafla. Kiasi kilichodondoshwa ndicho kinachotumika kukokotoa thamani ya peroksidi. Codex inataka isizidi 10 kwa mafuta yaliyosafishwa na 15 kwa yaliyokamuliwa tu. Ila angalizo: peroksidi hupanda kisha hushuka zinapovunjika kuwa aldehidi, kwa hiyo mafuta yaliyovunda sana yanaweza kusoma chini kuliko yaliyoanza kuvunda jana. Pua ya mteja wako ilipima sahihi kuliko vyote.

Watu wa chanjo wana wazo ambalo ningependa mtu alijaribu kwenye madumu ya mafuta. Kwenye kichupa cha chanjo kuna kibandiko, mraba mweupe ndani ya duara la zambarau, ambao unazidi kuwa mweusi kadiri kichupa kinavyokusanya joto. Kilianza kutumika na chanjo ya polio ya matone mwaka 1996, na muuguzi yeyote wa zahanati anajua kukisoma. Kibandiko hicho hakigusi chanjo, kinahesabu joto ambalo chanjo imepitia. Kingefaa kwa dumu linalosafirishwa juani siku tatu, ingawa hakitamwambia mtu kitu kuhusu mwanga. Kwa sasa, ndugu yangu, weka chupa moja juani iwe ya maonyesho, iliyojaa maji ya rangi ukipenda, na zile za kuuza zikae kivulini kwenye dumu lisilopitisha mwanga.

Kidato cha Sita

Mheshimiwa, naomba kuuliza. Tuna mradi wa sayansi. Tunataka kutengeneza karatasi zetu kwa manjano na kwa choya, kwa sababu zote zinabadilika rangi kwenye asidi na besi. Zitafanya kazi kwenye mafuta?

Msimamizi wa Jiko

Kijana, swali zuri. Mkichovya karatasi ya choya kwenye mafuta haitatokea kitu, kwa sababu rangi ya choya huyeyuka kwenye maji na mafuta hayaigusi. Ya manjano itafanya kinyume: itaachia rangi yake ndani ya mafuta, na mtakuwa mmetia rangi karai la mtu. Kuna tatizo kubwa zaidi, kwamba kipimo cha pH ni kipimo cha maji. Mafuta peke yake hayana pH, na ndiyo maana karatasi za dukani zinabeba alkali yake yenyewe.

Lakini manjano hayo msiyatupe. Mmewahi kuona doa la mchuzi kwenye kitambaa cheupe likigeuka jekundu mama anapopaka sabuni? Ile ni manjano inayokutana na alkali, na mnaweza kuitumia hivi. Yeyusheni gramu 1 ya soda ya kutengenezea sabuni kwenye lita 1 ya maji safi. Chukueni mililita 10 za spiriti safi, tieni manjano kidogo, na mdondoshee soda tone moja au mawili mpaka ianze kuwa nyekundu, ili asidi ya spiriti yenyewe isihesabiwe. Wekeni mililita 1 ya mafuta yaliyopoa, tikiseni, rangi itarudi njano. Sasa dondosheni soda kwa bomba la sindano mkitikisa, mpaka wekundu udumu nusu dakika. Kila mililita 1 ya soda iliyoingia ni karibu robo tatu ya asilimia ya asidi huru. Maabara hutumia fenolfthaleini, ambayo hugeuka waridi na kusomeka vizuri zaidi, lakini kanuni ni hiyohiyo. Moto usiwepo karibu na spiriti, soda isiguse macho, na mwalimu awepo.

Fundi wa Nguzo

Wakuu, mimi ni fundi umeme na kuna jambo linanikera. Kila nikikaa kibandani nasikia kwamba kuna wanaokaangia mafuta ya transfoma kwa sababu hayaishi haraka. Karatasi hii ingewakamata?

Msimamizi wa Jiko

Isingewakamata, na hili nataka lisomwe taratibu. Wizi wa mafuta ya transfoma kwa ajili ya kukaangia uliwahi kuripotiwa na vyombo vya habari nchini Kenya katika miaka ya 2010, kwa hiyo wasiwasi wako una msingi. Mafuta hayo yanatokana na petroli ghafi. Hayana trigliseridi, hayana cha kukatika kuwa asidi ya mafuta, na karatasi itabaki ya buluu safi kana kwamba mafuta yametoka dukani asubuhi. Ubaya ni kwamba baadhi ya transfoma za zamani zilijazwa vimiminika vyenye PCB, kemikali za sumu zinazodumu muda mrefu, zilizo kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm wa 2001. Buluu inayoendelea kuwa buluu baada ya wiki mbili za kukaanga samaki si habari njema hata kidogo.

Kuyagundua ni kazi ya maabara, ila kanuni yake ni ya mtengeneza sabuni: mafuta ya kula yakichemshwa na potashi iliyoyeyushwa kwenye spiriti yanageuka sabuni yote, na ukiongeza maji kimiminika kinabaki angavu, ilhali mafuta ya petroli hayageuki na maji yanakuwa na ukungu.

Buluu ya uongo ina njia nyingine ya kawaida zaidi. Karai lililosuguliwa kwa soda kali na kusuuzwa nusunusu huacha alkali inayomeza asidi na kutengeneza sabuni ndani ya mafuta. Karatasi inasoma vizuri, mafuta yanatoa povu, na yanachakaa haraka kuliko kawaida.

Karai Mbili

Narudi na mrejesho, wiki mbili baadaye. Nilifuata ushauri: karai moja la viazi, jingine la samaki, napima saa nne asubuhi kabla ya kuongezea, nasomea nje, naandika kwenye daftari. Karai la samaki mstari wa kwanza ulikuwa wa njano wote siku ya nne, na siku ya tano povu likaanza kukataa kushuka. La viazi lilifika siku ya saba likiwa bado na kijani, kwa sababu sasa nalizima mchana wateja wanapopungua na kuchuja makombo kwa kitambaa kila jioni. Rangi ya yote mawili ilikuwa karibu sawa.

Yale ya samaki nimempa jirani anayetengeneza sabuni za vipande. Jana amekuja kulalamika kwamba sabuni imetoka vizuri, lakini nguo za wateja wake zinanuka changu.